Ukitaka kufanya Bowen, jifunze kutoka nje ya chumba

Juzi kijana mmoja wa Arusha anayefanya masaji kwenye hoteli za watalii kaniandikia: "Shikamoo dada. Naona unafanya Bowen. Ni masaji ya aina gani, na mteja kweli anaridhika kulipia?" Marahaba, mdogo wangu. Bowen ni tiba ya mkono mwepesi: unamgusa mteja misuli kidogo tu, kisha unamwacha apumzike. Najua wengi mnaonisoma mna mikono ya kazi na mnatafuta kitu cha kuwatofautisha na wakandaji wengine waliojaa mtaani, kwa hiyo nakujibu hapa tufaidike wote.

Mimi nimekulia Tanga. Ukandaji nilifundishwa na shangazi yangu, aliyekuwa akiwachua wazazi waliotoka kujifungua na wavuvi walioteguka. Shangazi alikuwa na mkono mzito. Mafuta ya nazi yamepashwa moto, gumba limekita kwenye msuli, na usipopiga kelele anaona bado hajakufikia. Nami nikawa hivyo hivyo, tena nikasifika. Baadaye mume wangu akapata masomo Melbourne, Australia, tukahamia huko, nikaajiriwa kutunza wazee. Kuna mama alikuwa akija pale kuwafanyia Bowen wazee wenye maumivu. Anamgusa mzee mgongoni mara mbili tatu, juu ya nguo, bila tone la mafuta, kisha anatoka zake na kusimama koridoni. Nikamcheka kimoyomoyo. Kwetu angeambiwa arudishe hela! Lakini wazee wale walikuwa wakimngoja kuliko walivyoningoja mimi na chai yao.

Mwanzilishi wa tiba hiyo ni Tom Bowen, mtu wa hukohuko jimbo la Victoria, aliyezaliwa mwaka 1916. Hakuwa daktari. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Geelong, mji ulio kama kilomita 75 kutoka Melbourne, na jioni akawa anawashughulikia wenzake wa kazini na wachezaji mpira waliokuwa na migongo mibovu. Kusomea hakusomea, mwenyewe alisema ni kipaji alichopewa na Mungu. Watu wakazidi, akaacha saruji. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipochunguza matabibu wa nje ya hospitali, ilionekana anahudumia watu wapatao 13,000 kwa mwaka. Piga hesabu: ni 250 kwa wiki. Mkandaji gani unamjua mwenye mikono ya kubeba hayo?

Siri ilikuwa vyumba. Alikuwa na wagonjwa kwenye vyumba kadhaa kwa wakati mmoja. Anamgusa huyu, anamwacha amelala, anakwenda kwa yule, anarudi. Walimu wa leo watakwambia ile mipumziko ndiyo roho ya tiba, kwamba mwili hupewa nafasi ya kupokea ulichoufanyia. Nami nafundisha hivyo. Lakini kichwani mwangu naamini ilianza kama namna ya kumaliza foleni, falsafa ikaja nyuma. Nilipolisema hilo darasani nilikosomea Bowen, nusu ya wenzangu walininunia mpaka chakula cha mchana.

Bowen alifariki mwaka 1982 bila kuacha kitabu. Tunachokijua tumekipata kwa waliosimama pembeni yake wakimtazama, hasa Oswald Rentsch, aliyeanza kufundisha watu mwaka 1986. Ndiyo maana leo kuna shule nyingi za Bowen, na kila moja inadai wenzake wamekosea.

Kazi yenyewe ni hii. Unaweka magumba pembeni ya ule msuli mnene unaoambaa na uti wa mgongo, juu kidogo ya kiuno. Unaivuta ngozi taratibu mpaka ulegevu wake uishe. Unakandamiza ubavu wa msuli kidogo tu, unangoja, halafu unauvusha chini ya gumba. Unausikia unaruka kama waya wa gitaa uliolegea. Basi. Unamfunika mteja shuka, unatoka, unahesabu angalau dakika mbili. Fikra iliyo nyuma yake ni kwamba mwili unajitengeneza wenyewe, na kazi ya mkono ni kuukumbusha kisha kuuachia.

Sasa swali lako la pili, kama mteja anaridhika kulipia, ambalo bado linaniuma. Niliporudi Dar nilichukuliwa na hoteli moja ya ufukweni. Nilikuwa na cheti, nina mikono, nina Kiingereza. Siku moja meneja akanikuta nje ya mlango nimesimama, mteja yuko ndani. Hakuniuliza. Akaanza palepale, mbele ya wafua nguo na mlinzi: mgeni analipia saa nzima, wewe unapunga upepo? Kesho yake jina langu halikuwa kwenye ratiba. Wenzangu wakaniita "mganga mtoro", na wapo wanaoniita hivyo hadi leo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mweleze mteja kabla hajalala. Mwambie utatoka, mwambie kwa nini, mwambie akisikia baridi au joto la ghafla asishtuke. Mweleze na bosi wako pia, kwa maandishi. Mjamzito usimguse kwenye kifandugu. Na usichanganye: ukishafanya Bowen, mwambie mteja asikandwe na mtu mwingine kwa siku kadhaa. Nasema tena, mweleze kabla.

Halafu usijigeuze nabii. Australia kwenyewe, walikoizaa, serikali ilipitia tafiti mwaka 2015 ikaona hakuna ushahidi wa wazi kwamba Bowen inatibu, na kuanzia Aprili 2019 bima binafsi zikazuiwa kuilipia, pamoja na rifleksolojia, ile tiba ya kukandamiza nyayo. Niliumia, sikatai, maana nimeona watu wakiinuka kitandani wakigeuza shingo ambayo haikuwa ikigeuka. Ila kuona kwangu si utafiti. Mtu akija na mguu uliovimba ghafla, au ganzi inayopanda, au maumivu ya kifua, huyo ni wa hospitali, na ukimlaza kitandani kwako kwa ajili ya elfu thelathini utakuja kuulizwa na Mungu.

Jamani, tumezoea kuamini tiba lazima iume. Dawa chungu, sindano nene, mkandaji anayekuacha na alama. Tunawapa watu nguvu zetu zote kumbe miili yao ilikuwa inaomba iachwe kidogo ipumue. Punguzeni mikono.

Kuhusu malipo, mimi natoza kwa kikao, sitozi kwa saa. Bei nimeibandika mlangoni, na chini yake kwa herufi kubwa: MTOA HUDUMA ATATOKA CHUMBANI. Asiyetaka namwelekeza kwa mama mmoja jirani mwenye mkono kama wa shangazi yangu, naye wakimlilia huwaleta kwangu.