Land Rover Kuukuu kwa Kazi ya Barua

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Land Rover Series III ya mwaka 1978, chesisi fupi, injini ya petroli, niliyoachiwa na baba mkubwa. Nimepata kazi ya kupeleka barua na vifurushi kutoka Tanga mjini hadi Muheza na kupanda Amani, nikisimama kwenye shule, zahanati na maduka ya njiani. Fundi wangu anashauri nianze kwa kuweka injini ya dizeli na kuongeza majani ya springi. Je, nimfuate? Na je, nahitaji kibali?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, kama injini uliyonayo inawaka vizuri na haili oili, fedha yako ya kwanza isiende huko. Gari la barua husimama na kuondoka mara nyingi kwa siku, tena mara nyingine kwenye mteremko, kwa hiyo vinavyochoka mapema ni breki, klachi, staata na betri.

Hata kabla ya hivyo, ingia uvunguni na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, nayo huweza kupendeza miaka mingi huku chesisi ya chuma iliyo chini yake ikiliwa na kutu, hasa kwa gari lililoshinda kwenye upepo wa chumvi wa pwani yetu. Gonga mahali springi zinaposhikia na boriti ya nyuma. Panapobonyea au kumwaga unga wa kutu pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, wala usikubali kupakiwa rangi nyeusi juu yake, mchezo ambao wauzaji wa magari wanaujua sana.

Breki za magurudumu yote manne ya gari lako ni za ngoma, na zikiingia maji hupoteza nguvu, jambo la kukumbuka kila ukivuka dimbwi wakati wa masika. Breki ya mkono ndiyo itakayokusumbua zaidi. Katika Series III breki hiyo haishiki magurudumu, bali ina ngoma yake nyuma ya giaboksi ndogo (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma), inayoshika shafti iendayo kwenye difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Sili ya hapo, yaani raba ya kuzuia oili, ikivuja, oili hulowesha breki shuu na gari huteleza polepole wakati wewe uko dukani ukisubiri saini. Mwambie fundi abadilishe sili kwanza, kisha breki shuu. Akianza na breki shuu utarudi kwake baada ya muda mfupi. Aidha, ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliacha lizunguke na breki hiyo haizuii kitu, kwa hiyo weka jiwe kwenye magurudumu mengine.

Kuhusu springi, sikubaliani na fundi wako. Vifurushi hujaza nafasi kuliko vinavyolemea, na majani ya ziada yatafanya gari tupu lirukeruke kwenye makorongo. Nunua shokapu nzuri. Fedha itakayobaki iweke kwenye raba mpya za mlango wa nyuma, maana gari likiwa mwendoni hufyonza vumbi kupitia hapo, na kwenye wavu imara nyuma ya kiti, ili mzigo usikufuate shingoni ukifunga breki.

Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, hivyo endesha kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Gari hili halina difu ya katikati, ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo, na kuendesha kwa manne kwenye lami kavu huchosha giaboksi. Lami ikiisha, bonyeza kirungu cha njano ili magurudumu yote manne yavute. Ukitaka kurudi kwenye mawili, simama, vuta wenzo mwekundu hadi gia ndogo, kisha urudishe mbele, na kirungu kitaruka juu chenyewe.

Kuhusu kibali, huduma za posta na vifurushi husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) chini ya sheria ya mwaka 2010. Kama unabeba kwa niaba ya kampuni yenye leseni, omba mkataba wa maandishi. Kama kazi ni yako mwenyewe, leseni utaitafuta wewe. Siku utakapobadili injini, peleka namba yake Mamlaka ya Mapato (TRA) iingizwe kwenye kadi ya gari. Lakini usisubiri siku hiyo kumweleza wakala wako wa bima kwamba gari sasa ni la biashara.