Chakula cha mchana kwenye mizabibu ya Naivasha: piga simu kabla ya kuwasha gari

Kiwanda cha mvinyo si hoteli. Ni shamba, matangi ya chuma na wafanyakazi waliovaa gambuti, na meza za wageni huwa zimeongezwa baadaye. Ndiyo maana mtu hutoka Kisumu alfajiri akitegemea picha alizoziona kwenye simu, akafika Naivasha saa saba na njaa yake, halafu askari wa langoni anamwambia leo hakuna mpishi.

Kaunti ya Nakuru ikitajwa watu hufikiria flamingo na viazi, lakini upande wa Naivasha, mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, zabibu za mvinyo zinakua. Jina linalojulikana zaidi ni Leleshwa, la shamba la Morendat, lililotokana na kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu ya kafuri. Usiende ukitarajia msimu wa mavuno kama wa Ufaransa. Huku karibu na ikweta mzabibu haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Unaweza kukuta mashada yameiva, au ukakuta vijiti vitupu. Ukitaka kuona zabibu zenyewe, uliza.

Simu ipigwe siku mbili tatu kabla, na swali la kwanza lisiwe "mnafungua saa ngapi". Uliza jiko linapokea oda ya mwisho saa ngapi. Lango linaweza kuwa wazi hadi jioni na jiko likawa limezimwa kitambo. Kisha uliza kama chakula huagizwa mapema, na kama ndiyo, agiza hapo hapo kwenye simu na utaje idadi ya watu, watoto wakiwemo. Uliza pia wanatoza kiasi gani ukija na chupa yako, kama barabara ya kuingilia inapitika na gari dogo mvua ikinyesha, na kama wanapokea M-Pesa. Anayekujibu kwa mkato, "njooni tu, tutaona," mwondoe kwenye orodha. Mahali penye jiko la kweli watakuuliza wewe maswali.

Hesabu ya muda ndiyo huwaponza wengi. Kisumu hadi Naivasha kupitia Kericho ni kama kilomita 250, na ramani itakupa saa chache kuliko utakazotumia. Malori yanapopanda kuelekea Mau Summit, unatambaa nyuma yao. Ukishuka Sachang'wan kuelekea Salgaa usijaribu kufidia muda uliopotea. Tumia gia ya chini, si breki peke yake, maana breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu hupoteza nguvu. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, ukusudie meza ya saa saba, na uache saa moja ya ziada. Kurudi Kisumu siku hiyo hiyo hatushauri kabisa. Jioni ukungu na mvua hushuka Mau, na dereva aliyeshiba ana usingizi hata kama hakugusa glasi. Laleni Nakuru.

Sasa dereva. Watu hudhani kuonja si kunywa. Chukua glasi tano za kuonja, kila moja mililita 50: hizo ni mililita 250, theluthi nzima ya chupa. Kwa mvinyo wa asilimia 13 ni kama gramu 25 za alkoholi, na mwili wa kawaida huondoa gramu saba au nane kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe: zaidi ya saa tatu kabla hujawa safi, na kahawa haipunguzi hata dakika moja. Kiwango cha sheria kwenye alkoblo, kile kipimo cha pumzi cha polisi, ni mikrogramu 35 kwa kila mililita 100 za pumzi, lakini usiendeshe ukilenga mpaka huo. Dereva anywe maji au soda. Akitaka sana kujua ladha, aombe ndoo ya kutemea. Kwenye kuonja mvinyo kutema si utovu wa adabu, ni kazi ya kila siku ya watengenezaji wenyewe. Na anunuliwe chupa yake akafungulie kitandani Nakuru, ili asinune safari nzima.

Mkishaketi, shika chupa ya mvinyo mwekundu kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani, omba iingizwe kwenye friji dakika 15 hadi 20. Mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na jua la mchana la Naivasha huzipita hizo upesi. Mvinyo ukiwa moto, harufu ya spiriti hufunika ya tunda. Kama mnauziwa kwa glasi, uliza chupa ilifunguliwa lini. Iliyokaa wazi siku tatu nne hunuka siki au tufaha lililobonyea, na una haki ya kuirudisha.

Chakula chenyewe kisikusumbue. Mbuzi wa kuchoma na mwekundu wa Shiraz, samaki wa ndimu na mweupe wa Sauvignon Blanc. Ila kachumbari yenye pilipili kali iweke mbali na mwekundu, kwa sababu alkoholi na ule ukakasi wa maganda ya zabibu huzidisha moto mdomoni. Hapo mweupe mtamu kidogo uliopoa ndio unaofaa.

Na kama simu haikupokewa? Msing'ang'anie. Kikopey, kituo cha nyama choma karibu na Gilgil, iko njiani kabla hamjafika Naivasha, na nyama yake haihitaji kujulishwa mapema. Chagua kipande kikiwa bado kinaning'inia, tafuta muhuri wa mkaguzi, na simama mzani ukisomwa. Kilo moja inatosha watu wawili au watatu, ukikumbuka kwamba mfupa nao umepimwa. Mbavu huiva haraka kuliko mguu. Kwa mguu tenga saa moja. Mvinyo mtanunua mbeleni, mjini, muende nao.

Chupa za kubeba zisikae kwenye buti gari likiwa juani. Joto husukuma kizibo nje na mvinyo hupata ladha ya kupikwa. Zizungushie leso iliyoloweshwa maji, zilaze sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, upande usiopigwa na jua.