Nina 34 ya hesabu, naweza kuingia timu ya sayansi?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni msichana wa miaka 13, nipo kidato cha kwanza shule ya kata hapa Kigoma mjini. Jumatatu madam wa baiolojia katangaza kwamba shule inaunda timu ya sayansi ya kushindana na shule zingine, na baadae wataomba pia YST (mashindano ya Young Scientists Tanzania), anayetaka aandike jina kabla ya ijumaa. Natamani sana anti ila mtihani wa mwezi hesabu nimepata 34 na wenzangu wanasema timu ni ya vipanga tu, mmoja akaniambia kabisa we utaenda kufanya nini kule. Binamu yangu anasoma Marekani darasa la saba, yupo kwenye timu ya Science Olympiad, kaniambia kwao wako 15, nikashangaa wote hao wa kazi gani. Halafu kiingereza ndo kinaniangusha, shule ya msingi nimesoma kwa kiswahili. Na jumamosi huwa namsaidia mama kuanika dagaa Kibirizi, timu nayo inakutana jumamosi hiyohiyo. Mama bado hajui, naogopa kumwambia. Nifanyeje? (Binti wa Kibirizi, Kigoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaandike jina. Na kama gazeti limekufikia ijumaa imeshapita mfuate madam hukohuko ofisini kwake, mwambie nilichelewa kwa sababu niliogopa, mwalimu anayependa somo lake hawezi kukufukuza kwa hilo.

Hiyo 34 usiidharau ila isikufungie mlango. Mtihani wa mwezi unapima ulichoweza kuandika ndani ya saa moja na nusu ukiwa peke yako, mradi wa sayansi ni kazi ya miezi na hesabu zake nyingi ni wastani, asilimia na kuchora grafu, vitu ambavyo ukikaa na mwenzako anayejua jioni mbili tatu unavishika. Tena wapo wengi ambao hesabu iliwaingia siku walipokuwa na namba zao wenyewe za kuhesabu.

Sasa hao 15 wa binamu yako. Science Olympiad ilianza Marekani mwaka 1984, watoto wa umri wenu wanaingia kundi B ambalo ni darasa la sita mpaka la tisa, timu mwisho watu 15, na siku ya shindano kuna mashindano madogo 23 ambayo mengi yanafanywa na watu wawiliwawili. Mengine ni mtihani wa kuandika, labda miamba au nyota au magonjwa, mengine ni kufanya jaribio palepale maabara, mengine mnakuja na kifaa mlichotengeneza wenyewe kinapimwa mbele yenu. Na angalia wanavyohesabu pointi: ukishika nafasi ya kwanza unapata pointi 1, ya kumi unapata pointi 10, wanajumlisha zote na timu yenye jumla NDOGO ndo bingwa. Kwa hiyo shule ikiwa na vipanga wanne wakali wa fizikia halafu kwenye samaki na mimea haina mtu, jumla inapanda na wanarudi nyumbani bila kombe. Ndo maana wako wengi, anahitajika wa kila kitu, na yule anayejua kushika bisibisi ana uzito uleule wa yule mwenye 90 darasani. Tena kwenye mengi wanaruhusiwa kuingia na karatasi ya noti walizoandika wenyewe, kwa hiyo hata kukariri siyo ndo kila kitu.

YST yetu, Young Scientists Tanzania, iko tofauti kidogo. Imeanza 2011, utaratibu wake umetoka Ireland ambako vijana wanashindana hivyo tangu 1965. Kwenye YST wanaingia wanafunzi wawili na mwalimu wao, mnatafuta swali lenu, mnaandika andiko la kuomba, mkikubaliwa mnafanya utafiti mnaenda kuuonyesha Dar es Salaam. Unasimama pembeni ya bango lako jaji anakuja anauliza: hili mmelijuaje? Mlipima mara ngapi? Kwa nini siyo vinginevyo? Hapo kipanga aliyechukua mradi wa mtandaoni anakwama sentensi ya pili, anayejibu ni yule aliyekuwepo, aliyeshika mizani kwa mikono yake.

Na hapo ndo nataka unisikilize vizuri mwanangu, maana umeandika habari ya dagaa kama kikwazo wakati mimi naona ndo mradi wenyewe.

We unaanika dagaa kila wiki. Unajua siku ya mawingu wanakaa vipi, unajua wakipigwa na mvua wakiwa nusu kavu mama anapata hasara gani. Unajua mbalamwezi dagaa hakuna, na kama hujawahi kujiuliza kwa nini jiulize leo: wavuvi wanatumia taa kuwavuta juu usiku, mwezi ukiwaka ziwa zima taa inakuwa haina nguvu tena. Hii yote ni sayansi, tena wenzako wanaokaa mbali na ziwa hawana.

Chukua swali moja dogo. Mchangani na kwenye chanja, wapi dagaa wanakauka haraka? Kila mtu pale mwaloni ana jibu lake lakini kazi yenu ni kupima. Muombe mama kilo mbili za dagaa wa boti moja, usiku mmoja, maana ukichanganya wa jana na wa leo umeshaharibu. Kilo moja mchangani, kilo moja kwenye chanja ya wavu iliyoinuliwa usawa wa kiuno, mmeanika muda uleule na mmetandaza eneo sawa. Kila baada ya saa moja unapima uzito, kwa mizani ileile, unaandika. Wa mchangani wakung'ute mchanga kabla hujapima, la sivyo utapima na mchanga. Samaki mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji kwa hiyo utaona kilo inashuka mwanzo kwa kasi halafu polepole, mpaka inagoma kushuka, na hapo ndo wamekauka. Chora grafu. Halafu rudia siku nyingine, na nyingine, angalau mara tatu, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati ya upepo tu, na kila siku andika pia jua lilikuwaje. Mimi nategemea chanja itashinda kwa kuwa hewa inapita juu na chini lakini usiandike ninachotegemea mimi, andika ulichopima, hata kikija kinyume. Hasa kikija kinyume.

Kama mwenzako wa timu hapendi dagaa, mambo Kigoma hayaishi. MV Liemba mnaiona hapo bandarini, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 lakini kwanza wakapaka mashine zake grisi, ikaibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Chukueni misumari, mingine ipakwe mawese mingine iachwe hivyohivyo, itumbukizwe kwenye maji ya ziwa wiki nne, muone kutu inaanzia wapi.

Huyo mwenzako mchague kwa makini, usichukue shosti tu kwa sababu mnakaa dawati moja. Chukua mtu anayekuja akisema atakuja. Nilipokuwa kidato cha pili shule yetu ilichagua watu watano wa kwanza darasani kwenda shindano la mkoa, mimi nikiwemo, wakamwacha kijana mmoja aliyekuwa anashika nafasi za arobaini huko lakini anatengeneza redio za mtaa mzima. Ukumbini saketi yetu ikagoma kuwaka na sisi watano tukabaki tunaangaliana, kila mmoja anaijua fomula na hakuna anayejua waya upi umeachia. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, na siyo kwa ajili ya zawadi, ni kwa ajili ya yule kijana.

Kiingereza: mradi ufikirini kwa kiswahili kwanza, muuelewe mpaka unaweza kumweleza mama na akaelewa. Baadae ndo mnauhamisha, sentensi fupifupi, madam anasahihisha. Kidato cha kwanza karibu wote mko kwenye mtumbwi huo.

Na mama usimwambie "nataka kuingia timu." Mwambie mama nataka kujua namna ya kukausha dagaa wako haraka mvua isituwahi, naomba kilo mbili na jumamosi mbili kwa mwezi, zilizobaki niko na wewe. Hizo kilo mbili hazipotei, zikikauka anauza. Muombe madam naye apite Kibirizi asubuhi moja amsalimie, mzazi akimwona mwalimu kaja mpaka kwenye dagaa wake moyo unalainika.

SWALI: Habari za kazi anti. Mwanangu wa kiume yupo kidato cha pili, ameingia timu ya sayansi ya shule na sasa anaomba laki moja ya vifaa. Novemba ana mtihani wa taifa. Nimkatalie? (Mzazi, Urambo, Tabora)

JIBU: Nzuri baba. Timu usimkatalie, laki moja ndo usitoe kwanza. Mwambie alete orodha, kila kifaa na bei yake na kinapima nini, na asichoweza kukieleza kitoke. Mradi wa kuanzia unataka mizani, kipimajoto, rula na kaunta buku, na mizani na kipimajoto mara nyingi shule inavyo. Huko kwenu mna asali na mizinga, akipima asali ya nyuki wadogo wasiouma na ya nyuki wakubwa wanaouma zinatofautianaje maji, hata elfu ishirini haimalizi.

Mtihani ni kweli una uzito, asipofikia wastani anarudia kidato. Kaeni watatu, wewe, yeye na mwalimu, mkubaliane upimaji wote uishe kabla ya mwisho wa Agosti, kuanzia Septemba jioni ni vitabu. Waandike kwenye daftari la mradi ukurasa wa kwanza na wewe utie sahihi yako hapo.