Mnara wa viputo: jua utando kabla hujafungua hewa zaidi

Wadogo zangu mnaoanza kupima upitaji wa joto kwenye mnara wa viputo, yaani bomba refu la kimiminika linalopulizwa hewa kutoka chini, chukueni chupa ya uji wa mtoto. Itumbukize kwenye beseni la maji uiache: itakawia kupoa. Koroga maji, itapoa upesi, kwa sababu yale yaliyokwisha kupata moto yameipisha chupa na mengine yamekuja. Viputo hufanya kazi ya huo mkono wako. Kila kinachopanda huburura maji nyuma yake na kuuvuruga utando mwembamba wa maji uliotulia kwenye uso wa hita iliyomo ndani.

Ndiyo maana hewa husaidia sana mwanzoni, kisha faida hupungua. Kanuni ya upitaji wa joto ya mhandisi Deckwer ya 1980, ambayo mimi huanza nayo kila mara, huipa kasi ya hewa kipeo cha 0.25. Yaani ukizidisha hewa mara mbili unapata nyongeza ya kama asilimia 19 tu. Na usiniandikie lita kwa dakika peke yake! Gawa kwa eneo la mnara: lita 24 kwa dakika kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 ni kama sentimita 5 kwa sekunde. Andika pia hita iko wapi, maana viputo vikubwa hupanda katikati, na huko joto hupita vizuri kuliko pembeni.

Mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, nao ni adui. Kwa kanuni hiyohiyo, ukiongezeka mara 16, upitaji wa joto hubaki nusu. Uji wa moto humiminika, ukipoa hushika. Kwa hiyo kimiminika chenye joto zaidi hurahisisha kazi. Haya si mambo ya darasani tu. Mnara wa viputo ambao Sasol, kampuni ya mafuta ya Afrika Kusini, iliuwasha 1993 una kipenyo cha mita 5, na joto la mmenyuko wa kemikali lisipotolewa kwa mabomba ya kupoza, kichocheo kinachoharakisha mmenyuko huo huharibika.

Sasa maji yetu ya Malindi. Pitisha hewa kwenye maji ya bahari uone: yanakuwa meupe kama tui, kwa kuwa chumvi huzuia viputo kuungana. Kwa hiyo matokeo ya maji yasiyo na chumvi usiyahamishie huko bila kupima upya.

Maji ya kisima yalinitesa zaidi. Siku tatu niliongeza hewa, na namba za upitaji wa joto zikazidi kushuka. Nililaumu pampu, nikabadilisha themometa, nikarudia hesabu. Nilipoitoa hita niliiona imevaa ukoko mweupe, uleule wa ndani ya birika. Visima vyetu viko kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Joto lilikuwa linakwama kwenye ukoko kabla ya kufika majini. Niliilaza hita ndani ya siki usiku kucha, na kesho yake namba zikapanda.

Tangu hapo, kila asubuhi narudia kipimo kimoja cha jana kabla ya kuanza kipya. Namba za jana na za leo zikiachana, natoa hita kwanza.