Namkwepa kinyozi wangu, na mke wangu amenuna

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Mabatini hapa Mwanza na natunza hesabu kwenye duka la nyavu na kamba. Tangu niko sekondari nimenyolewa na mzee mmoja mwenye kibanda mtaani kwetu, siku hizi anatoza 2,000. Mwaka jana marafiki wakanipeleka saluni ya mjini, na tangu hapo kwa mzee sijarudi. Kila Jumamosi natoa 15,000: kunyoa fedi (ule mtindo wa ngazi, chini sifuri juu nywele) 5,000, skrabu 3,000, masaji ya kichwa na mabega 3,000, kuchonga mstari wa mbele na kupaka rangi nyeusi 4,000. Mke wangu anasema nachezea hela ya ada. Yeye akisuka rasta anatoa 40,000, kila baada ya wiki sita, na mimi simsemi. Kwa mzee naona aibu kupita, nazunguka njia ya nyuma, tena na kofia. Na sasa nimeanza kutoka vipele kisogoni. Je, 15,000 kwa kichwa ni kosa?"
Baba Wawili, Mabatini

Marahaba, mwanangu. Umeuliza hela, lakini mimi naanza na kisogo, maana mke na mzee wanaweza kusubiri aya chache na hivyo vipele haviwezi.

Nywele zetu zinajikunja. Mashine ikiwekwa sifuri, ikakandamizwa, halafu ikapandishwa kinyume na nywele zinavyolala, unywele unakatwa chini ya uso wa ngozi. Unapoota tena unajikunja, na ile ncha iliyokatwa mshazari inachoma ngozi na kuzama humo humo. Mwili unauchukulia kama mwiba: panavimba, panauma, panatunga usaha kidogo. Hicho ndicho kipele chako. Kwa mtu anayenyoa sifuri mara moja kwa mwezi kingepoa chenyewe. Wewe kabla hakijapoa Jumamosi imefika, uko kwenye kiti, na mashine inakichana upya. Kisogoni pana ubaya wa zaidi: vipele vikikaa sana vinakuwa vigumu kama punje za mahindi, vinaungana, vinaacha kovu nene ambalo nywele haioti tena juu yake. Na ile kofia unayovaa kumkwepa mzee ndiyo inayosugua palepale.

Kwa hiyo wiki sita zijazo kisogo na shingo visiguswe na sifuri wala wembe. Kitana cha namba 1 kinaacha milimita 3, na hapo unywele unakuwa mrefu kiasi cha kutoweza kurudi ndani. Mashine ishuke kufuata nywele, isipande, na kinyozi asivute ngozi kwa kidole gumba. Jioni weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10. Usiminye, usichokonoe kwa sindano, usimpe mtu kibano akung'olee. Kola ngumu ya shati la kazini iache kwanza. Zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa dukani bila kuuliza, nyingi zina steroidi. Zinatuliza siku tatu na kukondesha ngozi miezi mitatu, basi usizipake bila kuonwa na mtu wa afya. Ukiona vinazidi kuwa vigumu au nywele zinapotea sehemu hiyo, muone daktari wa ngozi. Hospitali ya Bugando haiko mbali na Mabatini.

Skrabu nayo ina mkono wake hapo. Zile chembe kazi yake ni kukwangua ngozi iliyokufa, na ngozi iliyotoka kupitiwa na mashine dakika tano nyuma ina michubuko usiyoiona kwa macho. Ukiikwangua unafungua mlango. Ukitaka skrabu, ifanyike kabla ya kunyoa, isiguse kipele, na isizidi mara moja kwa mwezi. Angalia pia inavyochotwa. Ikiwa dada anazamisha vidole kwenye kopo, anasugua uso wako, kisha anarudisha vidole kwenye kopo lile lile, basi umepakwa na nyuso za wateja wa asubuhi. Achote kwa kijiko, aweke kwenye kibakuli chako.

Nyeusi sikuelewi kabisa. Una miaka 31. Najua haifuniki mvi, inakoleza ule mstari wa mbele uonekane umechorwa kwa rula. Lakini rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo PPD, na ngozi inaweza kuivumilia mara kumi kisha mara ya kumi na moja ikaikataa: uso unavimba, macho yanafumba, unakimbizwa hospitali. Anayetaka kupaka ajaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, asubiri saa 48. Sijaona saluni inayomwambia mteja wa Jumamosi arudi Jumatatu.

Haya, hela.

15,000 mara wiki 52 ni 780,000 kwa mwaka. Mtunza hesabu kama wewe hukuhitaji shangazi kukuzidishia, ulihitaji mtu wa kukulazimisha uiandike. Sasa iweke karibu na ya mwenzio. Rasta za 40,000 zinakaa siku 42, kwa hiyo kichwa chake kinakula kama 950 kwa siku, na kwa mwaka hazifiki 350,000. Chako kinakula zaidi ya 2,100 kwa siku. Yeye tena anakaa kwenye kiti kutwa nzima ndipo apate hicho kichwa, na akiamka asubuhi hana cha kuchana. Hilo la "yeye akisuka simsemi" usilitoe tena mdomoni. Hesabu haiko upande wako.

Hata hiyo 2,100 ni ya kukupendelea, kwa sababu fedi haidumu wiki. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, yaani theluthi moja ya milimita kwa siku. Uzuri wote wa fedi uko kwenye ile tofauti: chini ngozi tupu, juu yake nusu, halafu 1, halafu 2, kila ngazi ikiyeyukia kwenye nyingine. Ukinyoa Jumamosi, ikifika Alhamisi ile sifuri imeshafika milimita moja na nusu, ambayo ndiyo nusu yenyewe. Ngazi ya kwanza imepotea. Jumamosi ya pili kichwa kinaonekana kimechafuka, wala si kwamba kinyozi alikosea. Ukinyolewa sawasawa kwa namba 2, yaani milimita 6, baada ya wiki mbili zimefika 10 hivi na hakuna anayegundua, kwa sababu zimepanda zote pamoja. Kwa hiyo mtindo uliouchagua ndio unaokuburuza saluni kila wiki. Bei ya siku moja ni jambo la pili.

Kwa haki ya saluni niseme hili: 5,000 ya fedi si wizi. Fedi safi ni kazi ya dakika 30 mpaka 45, ina kubadilisha vitana mara nne tano, na kosa la sekunde moja linaacha alama ya kuvaa nayo hadi mwisho wa wiki. Humo mna kodi ya fremu, umeme, leseni, na kinyozi mara nyingi anagawana na mwenye kiti. Mzee wako akikunyoa namba moja kichwa kizima kwa dakika 15, naye 2,000 yake ni halali. Ni kazi mbili tofauti. Kinachofanya Jumamosi yako ivimbe ni ile 10,000 ya baada ya mashine kuzimwa.

Na ndani ya hiyo 10,000 kuna 3,000 uliyoitaja haraka haraka ukapita. Masaji ya mabega, anayekanda ni nani? Kwenye saluni nyingi za kiume mjini anayenyoa ni kaka, anayesugua na kukanda ni dada. Mke wako ameongelea ada kwa sababu ada ni neno la heshima. Mwanamke hawezi kumwambia mumewe "sitaki ukandwe" bila kuonekana ana wivu wa kijinga, basi anashika karatasi ya shule. Sikuhukumu, dada wa watu yuko kazini na anajipatia riziki. Lakini mabega yaliyochoka na daftari la hesabu yanaweza kukandwa nyumbani, na hilo likianza kwa wewe kuomba vizuri, utashangaa ada inavyoacha kutajwa. Ukipenda sana ya saluni, mpeleke naye siku moja akaone panavyokaa.

Ratiba ninayokupa utaielewa kuliko wengi kwa sababu unauza nyavu. Wateja wenu wa dagaa wanafuata mwezi: giza likiingia wako majini na taa zao, mbalamwezi ikiwaka wanarudi nchi kavu kupumzika. Kutoka giza hadi mbalamwezi ni siku 14 au 15. Nyoa giza, nyoa mbalamwezi. Ni mara 25 hivi kwa mwaka. Mara 19 ziwe kwa mzee kwa 2,000, hiyo 38,000. Mara 6, penye harusi au Idi au Krismasi, nenda saluni, lipa fedi, skrabu na masaji bila nyeusi, 11,000, jumla 66,000. Kichwa chako kimekula 104,000 kwa mwaka na 676,000 imebaki. Umpe nani, mnajua wenyewe.

Kwa mzee usirudi kama mtu aliyeshindwa. Rudi na masharti, maana bei ndogo isiwe sababu ya kunyolewa vibaya. Tazama meno ya mashine kabla haijakugusa. Jino linalotembea linapaswa kuwa nyuma kidogo ya lile lililosimama, kama nusu milimita. Vinyozi wanaotafuta sifuri ya kung'aa hulegeza skrubu mbili za chini na kulivuta mbele mpaka yalingane, na hapo mashine inanyoa ngozi pamoja na nywele. Mwombe alirudishe. Kabla ya kuanza atie matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani mashine ikiwa inanguruma, kisha afute. Mashine kavu inapata moto na kuunguza shingo. Ya kuchaji ikiishiwa nguvu inapunguza kasi na kung'oa badala ya kukata. Umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, ahirisha.

Usafi je? Pale vibandani utaona spiriti ikimwagwa kwenye meno na kuwashwa kiberiti, moto wa buluu, mteja anaridhika. Moto huo unalegeza chuma na meno yanakuwa butu mapema, tena unapita juu ya nywele na mafuta yaliyoganda bila kufika chini. Na lile sanduku la taa ya zambarau huko mjini linaua kile tu ambacho mwanga umekigusa. Mashine yenye nywele ndani ikilazwa humo inatoka kama ilivyoingia. Inayofaa ni kazi ya mikono: meno yafunguliwe, yapigwe brashi nywele zote zitoke, mafuta yafutwe, kisha yalowe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10 na kukauka yenyewe. Spiriti inayopakwa na kufutwa hapo hapo haijapata muda wa kufanya chochote. Ndiyo maana kinyozi makini ana seti mbili za meno, moja inakata na nyingine imelala kwenye kopo. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7, na chanjo yake ipo. Kama hujachanja, uliza.

Njia rahisi kuliko zote ni mashine yako mwenyewe. Hela ya Jumamosi nne tano ulizokwisha kutoa inanunua ya kuchaji ya maana, na watu wengi siku hizi wanaenda kwa kinyozi na mashine kwenye mfuko. Weka na taulo. Ukiwa na watoto wa kiume itawafaa, na itawaepusha na mapunye ya kuambukizana vitana. Mapunye yakishaingia yanataka vidonge wiki kadhaa, krimu ya juu haifiki kwenye mzizi wa unywele.

Kuhusu aibu: mzee amenyoa vichwa vya mtaa mzima, ameona wengi wakienda mjini na kurudi. Njia ya nyuma anaijua pia. Nenda Jumanne asubuhi, maana Jumamosi jioni mashine imeshapita vichwa ishirini na yeye mgongo unamuuma. Msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia, kaa, mwambie, "Mzee, kisogo kimeniharibikia, nataka namba 2 juu na 1 nyuma, wembe usipite." Akikutania pokea utani. Mpe 2,000 yake ile ile. Ukimzidishia siku hiyo itaonekana faini, subiri giza linalofuata.