Niliacha skuli, nikisoma peke yangu ntapata cheti?

SUALI: Asalam alaykum dada. Mie nipo Wete, niliacha skuli kidato cha pili kabla ya mtihani nikaolewa. Sasa nasoma mwenyewe usiku watoto wakishalala, kwa simu na vitabu vya mdogo wangu, lakini nnachosoma leo kesho sikikumbuki, na mume wangu ananambia namaliza bando tu cheti sitopata. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Cheti utapata inshaallah ukifaulu, mwambie mumeo leo leo. Kwa vile hukufanya mtihani wa kidato cha pili unaanza na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ukishinda ndo unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na yote mawili ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, sio lile letu la Zanzibar. Usajili hufunguliwa mwanzo wa mwaka, kwa hiyo anza kuulizia kituo mapema.

Sasa hilo la kusahau ndo kubwa zaidi, na wala si akili yako mbovu. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe akaandika kitabu mwaka 1885, akakuta kitu unakisahau sana saa na siku zile za mwanzo halafu kasi inapungua. Wewe nahisi unasoma ukurasa ule ule mara tatu nne, macho yanauzoea unaona umeshaujua. Hebu kumbuka chuoni tulihifadhi vipi, unafunga msahafu unamsomea maalim, ukikwama anakutoa, na ya jana unaisoma kabla hajakupa mpya. Basi na Biolojia fanya hivo hivo: funga kitabu, andika unachokumbuka hata kama ni mistari miwili, kisha fungua uone ulipokosa, kesho rudia, na wiki ijayo tena. Inachosha kweli kweli lakini ndo inayokaa.

Bando lako litumie kushusha vitabu vya kiada, vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ripoti za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, hizo wengi hawazijui na zinakuonesha suali kwa suali watu walikosea wapi. Ukishashusha unasoma bila bando.

Hesabu tu ndo usijifungie nazo peke yako, tafuta hapo mtaani mwalimu au hata mtoto wa kidato cha nne akuangalilie kazi zako.