Muulize Shangazi: Nimeitwa kambi ya Kiingereza, niende?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza hapa Leeds, Uingereza. Nimepata kazi ya wiki sita kwenye kambi ya Kiingereza ya majira ya joto, kufundisha watoto wa miaka 11 hadi 17 wanaotoka Italia, Hispania na China. Nitalala na kula hukohuko. Naogopa viza yangu, halafu naogopa wazazi watalalamika kwamba Kiingereza si lugha niliyozaliwa nayo. Nifanyeje?
Msomaji, Leeds

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la wazazi liweke kando kabisa. Nimefundisha kwenye kambi hizo miaka kadhaa na sijapata kuona mzazi akipiga simu kwa ajili ya lafudhi ya mwalimu. Wanapiga kwa sababu koti limepotea, chakula hakiliki, au mtoto hajapokea simu tangu jana. Tena wewe uliyekisoma Kiingereza darasani unajua mtoto wa Milano anakwama wapi na kwa nini.

Viza ndiyo ya kuangalia. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi ya muda wote wakati wa likizo. Kwako wewe majira ya joto ni likizo, kwa hiyo uko salama. Chukua chuoni barua yenye tarehe za mihula, maana mwajiri ataitaka. Lakini kama una rafiki wa shahada ya uzamili, mwambie asikurupuke. Miezi hiyo anaandika tasnifu, na kwa wengi wao bado inahesabiwa kuwa muhula. Na wakikuambia utalipwa kama mtu aliyejiajiri, uwe unapeleka ankara, kataa. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri.

Sasa pesa, maana hapa ndipo vijana wanapolizwa. Utaambiwa mshahara wa wiki, nawe utaufurahia kabla ya kuuliza ni wa saa ngapi. Uliza. Kwa viwango vya Aprili 2025, kima cha chini kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, na pauni 10 kwa wa miaka 18 hadi 20. Mwajiri anayekupa malazi aliruhusiwa kuyahesabu kama sehemu ya kima hicho, hadi pauni 10.66 kwa siku, yaani pauni 74.62 kwa wiki. Chakula hakimo: hawawezi kukukata pesa ya wali ikakushusha chini ya kima. Viwango hupandishwa kila Aprili, basi tazama vya mwaka utakaokwenda. Wakikuletea karatasi ya kukubali kuvuka wastani wa saa 48 kwa wiki, kusaini ni hiari yako, hata kama wameichomeka katikati ya mkataba kana kwamba ni fomu ya ukubwa wa fulana.

Maana saa zipo, mwanangu! Kufundisha ni asubuhi tu. Mchana unasimamia mpira, jioni disko au shindano la vipaji, na zamu ikikuangukia, saa sita usiku unazunguka korido ukiwarudisha vyumbani Wahispania ambao kwao bado ni mapema. Siku ya matembezi ya London unahesabu vichwa kwenye basi, mlangoni mwa British Museum, chooni, kisha kwenye basi tena.

Darasani jiandae kwa jambo moja ambalo mafunzo ya ualimu hayakuambii vizuri: kila wiki wengine wanaondoka na wengine wanaingia. Somo linaloendelea kutoka Jumatatu hadi wiki ijayo litakufia mikononi. Kila somo lijitegemee, lianze na kumalizika siku hiyohiyo. Na siku ya kwanza wapange viti wewe mwenyewe. Ukiwaachia, Waitaliano wanane watakaa pamoja na Kiingereza hakitasikika hadi chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nawapa kazi ambayo mmoja ana nusu ya habari na mwenzake wa nchi nyingine ana nusu iliyobaki. Hapo hawana ujanja.

Watoto wawili watatu watalia usiku wa pili au wa tatu. Usiwafungie mlango mkazungumza faraghani. Mlango ubaki wazi, au mwite mwenzako. Kanuni za ulinzi wa watoto kule hazina mzaha. Ndiyo maana utachunguzwa kumbukumbu za jinai kabla ya kuanza, na kwa kuwa umeishi nchi nyingine, wanaweza kutaka cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Hicho kiombe wiki hii. Kinachelewa kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha yao.